MIFUPA YA MAMA ZETU HAIJENGWI NA MKEBE

Naomba nafasi katika karatasi zetu hizi za chama niseme juu ya jambo ambalo sisi wanaume wa reli hatupendi kulitaja. Ni jambo la mama zetu, wake zetu, na akina mama tunaofanya nao kazi, wanapofika umri wa kukoma hedhi. Najua wengine watacheka wakiona neno hili. Na wacheke, kisha wasome mpaka chini, maana pesa zinazopotea ni zao.

Mimi si daktari. Nilisoma shule ya misheni mpaka darasa la nane, na kazi yangu ni nyundo, mtaimbo na mataruma. Lakini haya niandikayo yamenigharimu, na mengine nimeyauliza kwa watu waliosoma kabla sijachukua kalamu.

Mapema mwaka huu mama mmoja mfagiaji aliteleza penye sakafu yenye maji. Hakuanguka kutoka juu ya behewa wala ngazi. Alianguka kutoka kimo chake mwenyewe, akajikinga kwa mkono, na mkono ukavunjika penye kifundo. Ana miaka 53. Nyapara wake aliandika katika kitabu kwamba ni uzembe. Sisi tuliokuwa karibu tukasema, "Mama huyu sasa amezeeka," tukarudi kazini. Nasema "sisi" kwa sababu mimi pia nilikuwapo, na sikusema neno jingine.

Wiki chache baadaye nikapigiwa simu kutoka nyumbani, upande wa Yala. Mama yangu mzazi, mwenye miaka 64, alikuwa ameinama kuinua mtungi wa maji wa lita 20, akasikia kitu kimelia mgongoni kama kijiti kikavu. Hakuweza kunyoka. Walimpeleka hospitali, akapigwa picha, ikaonekana pingili moja ya uti wa mgongo imebonyea. Nilipofika nilimkuta amelala kwa ubavu, na kando ya kitanda chake, juu ya kiti, upo mkebe niliomnunulia mimi.

Sasa niwaambie habari za mkebe huo. Mnawajua wale watu wanaotungoja langoni siku ya mshahara, wenye tai na mifuko myeusi na vitabu vya picha. Mama alikuwa akilalamika mgongo tangu mwaka jana, nami nikamwambia mmoja wao. Akanifunulia picha ya mfupa wenye matundu kama sega la nyuki, kisha picha nyingine ya mfupa mzima. "Mkebe huu unaziba matundu," akasema. "Mama yako atatembea kama msichana." Mkebe mmoja ni wa mwezi mmoja, Sh. 4,500/-. Nilinunua miezi mitano. Pigeni hesabu: Sh. 22,500/-, na mimi ni mtu wa gengi la njia, mnajua tunalipwa nini.

Daktari aliyemwangalia mama alikuwa mwanamke. Aliuchukua mkebe, akasoma maandishi madogo ya nyuma, akaniuliza, "Ndugu, unajua umenunua nini? Kila kidonge kina kalsiamu miligramu 200. Vidonge viwili kwa siku, ni 400. Hii ni chokaa tu, ile ile inayouzwa duka la dawa kwa bei ndogo sana." Halafu akamgeukia mama, akamwuliza kwa heshima, "Mama, maziwa unakunywa?" Mama akajibu, "Maziwa ya ng'ombe wangu nauza, daktari. Nabakisha ya chai."

Nilitoka nje nikasimama kidogo.

Turudi kwenye hesabu. Mwanamke aliyepita miaka 50 yafaa apate kalsiamu kama miligramu 1,200 kwa siku. Ndicho kiasi kinachowekwa Marekani, na nchi nyingine huweka chini ya hapo. Lita moja ya maziwa ina karibu kiasi hicho hicho. Pakiti ya nusu lita mimi nanunua kwa Sh. 60/- hivi. Kwa Sh. 4,500/- napata pakiti 75, yaani mbili kila siku kwa mwezi mzima, na zinabaki pakiti 15 za watoto. Nilikuwa nampelekea mama thuluthi moja ya kalsiamu anayohitaji kwa bei ya maziwa yote, na maziwa yake mwenyewe akiyauza kwa jirani.

Lakini kwa nini mifupa ya mama iharibike wakati ule na si wakati mwingine? Nitaeleza kama nilivyoelezwa, kwa lugha ya kazi yetu. Mfupa si jiwe. Mfupa ni kama njia ya reli inayotengenezwa kila siku treni zikipita. Lipo gengi moja linalong'oa kilichochakaa, na gengi jingine linafuata nyuma likitandika kipya. Mpaka kama miaka 30 gengi la kutandika lina nguvu, na mfupa huongezeka. Baadaye magengi haya yanakwenda sawasawa, au la kung'oa linatangulia kidogo. Katika mwili wa mwanamke ipo homoni iitwayo estrojeni, nayo ndiyo nyapara wa lile gengi la kung'oa, inalizuia lisizidishe. Hedhi inapokoma, mara nyingi kati ya miaka 45 na 55, nyapara huyo anaondoka. Gengi la kung'oa linafanya kazi bila mtu wa kulisimamisha, na la kutandika haliwezi kulifikia. Miaka ya kwanza mitano hadi saba ndiyo mibaya kuliko yote.

Wala mwenyewe hasikii kitu. Mfupa unaopungua hauumi. Ni kama taruma la mbao ambalo mchwa wamelila ndani: ukipita juu yake unaliona zima, na siku uzito unapokuja ndipo unajua. Wanaume nasi mifupa yetu hupungua, lakini polepole na kwa kuchelewa, kwa hiyo tusijidai kwamba ni ugonjwa wa wanawake peke yao.

Sasa tazameni jambo hili kwa jicho la chama. Mwaka 2009 umri wa kustaafu wa watumishi wa serikali ulipandishwa kutoka miaka 55 kufika 60. Mwanamke akikoma hedhi na miaka 50, anabaki na miaka kumi ya kazi, na ndani ya miaka hiyo kumi mna ile miaka mibaya niliyoitaja. Sheria ya kazi ya mwaka 2007 inampa mama anayezaa likizo ya miezi mitatu yenye mshahara, na hiyo ni haki iliyo safi. Lakini huyu aliyemaliza kuzaa, anayebeba ndoo ya maji akipanda na kushuka mabehewa, ni nani amemwandikia hata mstari mmoja? Katika mapatano yetu nimetafuta, sikuona. Yule mfagiaji wetu hakuvunjika mkono kwa uzembe. Alivunjika kwa sakafu yenye maji, na kwa mfupa ambao hakuna aliyeupima.

Juu ya vidonge, nisije nikawa kama yule wa tai, nikisema upande mmoja tu. Vidonge vya kalsiamu na vitamini D vimepimwa sana na watu wa elimu. Ufaransa, mwaka 1992, walitoa majibu ya jaribio la wanawake 3,270 wazee sana, wastani wa miaka yao 84, wakaao katika nyumba za kutunzia wazee. Waliopewa kalsiamu gramu 1.2 na vitamini D yuniti 800 kila siku walivunjika nyonga kwa uchache kuliko wenzao, upungufu wa asilimia 43. Si haba. Lakini watu wale walikuwa hawatoki juani na chakula chao kilikuwa pungufu. Marekani nao walijaribu kwa wanawake 36,282 waliokoma hedhi, wenye miaka 50 hadi 79, wengi wao wakiwa wazima na wenye kula vizuri. Majibu yakatoka mwaka 2006, baada ya miaka saba: mifupa ya nyonga ilizidi kidogo, kama sehemu moja katika mia, lakini kuvunjika nyonga hakukupungua kiasi cha kuaminika, na wenye mawe ya figo wakazidi kwa asilimia 17. Mwaka 2022, huko huko Marekani, vitamini D peke yake ilipewa watu wazima wengi, wanaume kwa wanawake, kwa miaka mitano hivi. Kuvunjika mifupa hakukupungua.

Maana yake naiona hivi: kidonge ni cha kujaza pengo. Penye pengo kinafaa, pasipo na pengo ni kazi bure, na ukizidisha utaumia. Mama asiyeweza kunywa maziwa kwa sababu tumbo linamkataa, mama mzee asiyetoka nje, mama aliyetumia dawa za prednisoloni muda mrefu kwa pumu au baridi yabisi, huyo na amwulize daktari, na akipewa vidonge avimeze. Hata hivyo na ajue kwamba kalsiamu ya chokaa huingia mwilini vizuri ikimezwa pamoja na chakula, isizidi miligramu 500 kwa mara moja, na isimezwe pamoja na vidonge vya kuongeza damu, kwa maana moja huzuia nyingine.

Na yule ambaye amekwisha vunjika mfupa kwa kuanguka kidogo tu, kama mfagiaji wetu, au ambaye pingili imebonyea, kama mama yangu, chokaa peke yake haimtoshi hata kidogo. Huyo anahitaji kupimwa uzito wa mifupa kwa mashine iitwayo DXA, tena zipo dawa za kweli za kulizuia lile gengi la kung'oa. Mama yangu amepewa alendroneti, kidonge kimoja kwa juma, anakimeza asubuhi kwa maji matupu kabla ya kula, kisha hakai kitandani bali anabaki wima nusu saa kisije kikamchoma koo. Bei yake ni ndogo mbele ya ule mkebe. Hili ndilo lililoniudhi zaidi, kwamba kwa miezi mitano mkebe ulitufanya tuone tumekwisha tibu, na kumbe tulikuwa tumechelewa.

Chakula hakina maneno mengi. Omena zilizokaushwa, zinazoliwa nzima pamoja na miiba yake, zina kalsiamu nyingi sana, na ziko kila soko. Uji wa wimbi ni bora kuliko wa mahindi. Gramu 100 za wimbi zina kalsiamu zaidi ya miligramu 300, hakuna nafaka yetu nyingine inayoifikia. Sukuma wiki ni nzuri. Terere na spinachi ni mboga njema, lakini kalsiamu yake imeshikwa na asidi fulani ndani ya jani, kwa hiyo mwili haupati yote. Maharagwe, ndengu, mayai, samaki, vyote vyatakiwa, kwa maana mfupa haujengwi kwa kalsiamu tupu. Jua tunalo la kutosha, na jua juu ya ngozi ndilo linaloufanya mwili ujitengenezee vitamini D. Lakini wenzetu wa zamu ya usiku wanaolala mchana, na wale wakaao ofisini tangu asubuhi mpaka jioni, hawalipati. Sigara na pombe nyingi hula mifupa. Hilo niliandike upesi nipite, maana najua nitaulizwa habari zangu.

Sasa mazoezi. Nilipolitaja neno hili katika kota, mzee mmoja alinikemea. "Mama zetu wamelima, wamebeba kuni na maji maisha yao yote," akasema, "nawe wataka wakaruke kama watoto wa shule?" Neno lake lina haki, na sikuweza kumjibu siku ile. Nimeuliza tangu hapo, na jibu ni kwamba mwili wa mama huyo umechoka kwa kazi ya namna moja tu: kuinama na kubeba. Kuinama kwa mgongo uliopinda, kisha kuinua mzigo huku ukijigeuza, ndiko kunakobonyeza pingili. Kumbe mfupa unataka kubebeshwa uzito mwili ukiwa wima.

Na hapa niseme ukweli hata kama hauwafurahishi wanaopenda mambo mepesi. Mazoezi ya pole, kama kutembea, hayaongezi mfupa sana. Australia walijaribu kwa wanawake 101 waliokoma hedhi ambao mifupa yao ilikuwa imepungua, majibu yakatolewa mwaka 2018. Nusu yao waliinua vyuma vizito mara mbili kwa juma, nusu saa kila mara, kwa miezi minane, na msimamizi amesimama karibu nao. Wengine walifanya mazoezi mepesi nyumbani. Mifupa ya kiunoni ya wale wa vyuma iliongezeka karibu asilimia 3, na ya wale wengine ikapungua kidogo. Basi mtu asiwadanganye kwamba matembezi ya jioni yatarudisha mfupa uliokwenda. Wala asiende mtu kumwinulisha mama yake mtungi kwa sababu ya habari hii. Wale walianza na uzito mdogo, mgongo umenyooka, na mtu wa kuwarekebisha.

Hata hivyo mazoezi ya pole yana kazi yake kubwa, nayo ni kuzuia kuanguka. Nyonga na kifundo cha mkono huvunjika mara nyingi kwa sababu mtu ameanguka. Mwaka 2019 zilikusanywa pamoja hesabu za majaribio 108, ya watu wazee zaidi ya 23,000, ikaonekana kwamba mazoezi ya kusimama imara na ya kutia miguu nguvu yalipunguza kuanguka karibu kwa robo. Na hayahitaji pesa. Mama yangu alianza baada ya maumivu kupoa, daktari akiwa ameruhusu. Anakaa kwenye kiti cha mbao, anasimama bila kushika kwa mikono, mara kumi. Anashika meza na kusimama kwa mguu mmoja, kisha mwingine. Anajiinua kwa ncha za vidole vya miguu. Anasukuma ukuta kwa viganja vyote viwili kama mtu anayesukuma behewa. Anatembea kwenda kanisani kwa mwendo wa haraka, na huko kwaya ya akina mama inacheza sana, hata mimi kijana siwezi kumaliza nao. Maji sasa analetewa na wajukuu, nusu mtungi nusu mtungi. Maziwa ya asubuhi hauzi tena. Ya jioni bado anauza, na tumegombana juu ya hilo.

Wenye binti na wasisahau kwamba mfupa wa mwanamke wa miaka 60 hutandikwa kabla hajafika 30. Maziwa na omena za leo za msichana ndiyo akiba yake.

Ninalolitaka kwa chama ni hili. Sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 inataka mahali penye wafanyi kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Wajumbe wetu waliomo katika kamati hiyo walete habari za wafagiaji: ndoo za magurudumu badala ya kubeba, mipini mirefu ili mtu asiiname siku nzima, viatu visivyoteleza, na vibao vya kuonya sakafu ikiwa na maji. Vitu hivi si vya anasa. Pili, wakati wa kuzungumza mapatano mapya ya mshahara, wazee wetu wa meza waombe kwamba mama mfanyi kazi aliyepita miaka 50, akivunjika mfupa kwa kuanguka kidogo, apelekwe kupimwa mifupa kwa gharama ya mwajiri, na akirudi apewe kazi nyepesi mpaka daktari aseme amepona, wala mshahara wake usiguswe. Tena wale wa mikebe waondolewe langoni siku ya mshahara, au basi chama kimlete pale mwuguzi mmoja na meza, awajibu watu kabla hawajatoa pesa.

Na lile neno "uzembe" lililoandikwa kitabuni juu ya yule mama lifutwe. Yeye alirudi kazini mkono ukiwa bado haujapata nguvu, na barua ya onyo ipo katika faili lake. Nimekwisha liandika jambo hili na kumpa Katibu wa tawi ili liingie katika mkutano ujao. Ninahitaji mtu wa kuniunga mkono, na ningependa awe mmoja wa wale tuliokuwapo siku ile.